Mpangishaji au Mlaza Wageni? Kodi ya Mapato ya Nyumba za Malazi ya Muda Mfupi nchini Kenya

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi mapato ya nyumba zinazotolewa kwa wageni wa siku chache yanavyotozwa kodi nchini Kenya. Inaonesha kwamba kinachoamua mzigo wa mwenyeji, kuliko kiwango cha kodi chenyewe, ni jina ambalo sheria inampa: ama ni mpangishaji wa nyumba ya makazi, ama ni mfanyabiashara wa malazi. Kwa kufuata Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kama ilivyosimama mwishoni mwa mwaka 2024, makala inakokotoa kodi ya mtu mmoja kwa njia tatu tofauti, kisha inachunguza hali ya mwenyeji asiyemiliki nyumba anayoitoa. Hoja inayojengwa ni kwamba kutazama aina ya jengo pekee hakutoshi. Kinachostahili kutazamwa ni kile ambacho mgeni amekilipia.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili neno kodi lina nyuso mbili. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba naye huilipa serikali kodi. Msikilizaji hutambua maana kwa muktadha, na kwa kawaida hapotei. Katika mada hii lakini nyuso hizo mbili zinakutana katika sentensi moja, kwa hiyo malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba yataitwa pango, na neno kodi litabaki kuwa la serikali.

Kuna neno jingine linaloleta utata mkubwa zaidi, nalo ni kupangisha. Mtu aliyempa jirani nyumba kwa mkataba wa mwaka mmoja amepangisha. Je, mtu aliyempa mgeni chumba kwa siku tatu, pamoja na mashuka, taulo, sabuni, intaneti na funguo zilizokabidhiwa saa sita usiku, naye amepangisha? Katika mazungumzo ya Nairobi watu wamelikwepa swali hilo kwa kuazima jina la jukwaa: husemwa kwamba fulani "ana Airbnb mbili Kilimani", hata kama wageni wake wote humpata kwa WhatsApp na kumlipa kwa M-Pesa. Wazungumzaji wamehisi kwamba jambo hili si upangishaji wa kawaida wala si hoteli, wakalitafutia jina lake. Sheria ya kodi bado haijafanya hivyo.

Kwa mwenyeji, matokeo ya kukosekana kwa jina hilo ni ya fedha taslimu. Kama itakavyooneshwa, mtu mmoja, kwa nyumba moja na mapato yaleyale, anaweza kudaiwa Shilingi 36,000, au 90,000, au 126,000, kutegemea amewekwa katika kundi gani.

2.0 Milango mitatu ya sheria

Kifungu cha 3 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinataja vyanzo vya mapato yanayotozwa. Miongoni mwake kuna faida ya biashara, na kando yake kuna mapato yatokanayo na haki aliyopewa mtu mwingine ya kutumia au kukaa katika mali. Tangu mwanzo, basi, sheria ilivitenga vitu hivi viwili, ingawa kwa miaka mingi utengano huo haukuwa na uzito mkubwa: mwenye nyumba na mwenye duka wote walitoa gharama zao katika mapato, wakalipa kodi juu ya kilichobaki.

Mambo yalibadilika tarehe 1 Januari 2016, kilipoanza kutumika Kifungu cha 6A kilicholetwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2015. Kifungu hicho kilianzisha kodi nyepesi ya pango la nyumba za makazi. Mkazi wa Kenya ambaye pango lake la mwaka lilikuwa kati ya Shilingi 144,000 na milioni 10 alitakiwa kulipa asilimia 10 ya mapato ghafi, bila kutoa gharama yoyote. Baadaye mipaka ikawa 288,000 na milioni 15, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kiwango kikashushwa hadi asilimia 7.5. Ritani huwasilishwa kila mwezi, ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Asiyeutaka utaratibu huo anaweza kumwarifu Kamishna kwa maandishi kwamba anachagua kubaki katika utaratibu wa kawaida.

Huo wa kawaida ndio mlango wa pili. Hapa gharama zilizotumika kuzalisha mapato hutolewa, na faida huunganishwa na mapato mengine ya mtu. Tangu Julai 2023 viwango vya mtu binafsi kwa mwaka ni asilimia 10 kwa Shilingi 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, asilimia 30 hadi kufikia milioni 6, kisha asilimia 32.5 na 35 kwa wenye vipato vikubwa zaidi. Kila mkazi hupata nafuu binafsi ya Shilingi 28,800 kwa mwaka.

Mlango wa tatu ni kodi ya mauzo ghafi ya Kifungu cha 12C, iliyokusudiwa wafanyabiashara wadogo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliiweka katika asilimia 3 ya mauzo kwa biashara yenye mauzo yanayozidi Shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Nayo pia haitoi gharama. Ina sharti moja ambalo kwa mada hii ni kubwa: pango halimo. Mwenye kupokea pango hawezi kuuingia mlango huu, lakini mwenye biashara ya malazi anaweza.

3.0 Mtu mmoja, hesabu tatu

Chukuliwe mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa Shilingi 100,000 kwa mwezi, anayemiliki nyumba ya chumba kimoja cha kulala Nairobi. Nyumba hiyo anaitoa kwa Shilingi 6,000 kwa usiku, na kwa mwaka inapata wageni kwa usiku 200. Mapato ghafi ni Shilingi 1,200,000. Gharama zake, yaani riba ya mkopo wa nyumba, ada ya jukwaa, umeme, maji, intaneti, usafi, ufuaji na matengenezo, zinafika 780,000. Faida yake halisi ni 420,000. Takwimu hizi ni za mfano tu, zilizochaguliwa ili hesabu ifuatike.

Akihesabiwa kuwa mpangishaji chini ya Kifungu cha 6A, anadaiwa asilimia 7.5 ya 1,200,000, yaani Shilingi 90,000. Akitozwa kwa utaratibu wa kawaida, faida ya 420,000 inakaa juu ya mshahara ambao tayari umevuka daraja la asilimia 25, kwa hiyo yote inatozwa asilimia 30, yaani 126,000. Akihesabiwa kuwa mfanyabiashara mdogo wa malazi, asilimia 3 ya mauzo yake ni 36,000.

Hesabu inageuka kabisa kama mtu huyo hana mshahara na anaishi kwa nyumba hiyo pekee. Katika utaratibu wa kawaida atatozwa 28,800 kwa daraja la kwanza, 25,000 kwa la pili na 9,600 kwa Shilingi 32,000 zilizobaki, jumla 63,400. Ikiondolewa nafuu binafsi zinabaki 34,600. Kwake yeye utaratibu unaoogopwa kuwa mgumu ndio mwepesi kuliko yote, hata kuliko ule wa asilimia 3. Mara nyingi wenyeji hushauriana kwa kutajiana viwango tu, "ni saba na nusu" au "ni tatu", kana kwamba kiwango ndicho kodi. Asilimia 7.5 ya mapato ghafi na asilimia 30 ya faida haziwezi kulinganishwa mpaka ijulikane faida ni sehemu gani ya mapato.

Kwa mtu aliye katika daraja la asilimia 30, mizani inasimama sawa pale faida inapokuwa robo ya mapato ghafi, kwa kuwa 7.5 ni robo ya 30. Faida ikizidi robo, Kifungu cha 6A kinampunguzia. Ikiwa chini ya robo, kinamzidishia. Mwenye nyumba wa kawaida, anayepokea pango mwisho wa mwezi na kupaka rangi baada ya miaka kadhaa, hubakiwa na zaidi ya robo akishamaliza mkopo wake. Kodi hii ilibuniwa kwa ajili yake, na kwake ni ya haki. Mlaza wageni anaendesha kazi yenye gharama za kila siku, na faida yake huwa nyembamba.

4.0 Anayepanga ili apangishe

Wenyeji wanaobanwa zaidi ni wale wasiomiliki hata tofali. Katika Kilimani, Kileleshwa, Westlands na hata Nyali kule Mombasa, si ajabu kumkuta kijana aliyepanga nyumba tupu kwa mkataba wa mwaka, akanunua kitanda, kochi na runinga, kisha akaitoa kwa wageni kwa usiku. (Kama mwenye nyumba ameridhia au la ni suala la mkataba wao, na mikataba mingi ya upangaji hukataza kupangisha tena bila idhini.) Mtaji wake ni samani, picha nzuri na simu isiyozimwa.

Chukuliwe kwamba nyumba ileile ya mfano sasa iko mikononi mwa mtu wa namna hii, naye pia ni mfanyakazi mwenye mshahara uleule. Analipa pango la Shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Gharama nyingine ni 300,000. Mapato ghafi ni 1,200,000 kama awali, hivyo anabakiwa na 180,000. Kifungu cha 6A hakioni pango analolipa, kwa kuwa hakioni gharama yoyote. Kinamdai 90,000, ambayo ni nusu ya faida yake. Na hapo hadithi haijaisha: mwenye nyumba, kwa ile 720,000 aliyopokea, naye anadaiwa asilimia 7.5, yaani 54,000. Fedha zilizotoka mfukoni mwa mgeni zimetozwa mara mbili kwa jina lilelile la pango la makazi, jumla 144,000, ambayo ni asilimia 12 ya kila alicholipa mgeni.

Ni vigumu kuamini kwamba watunga sheria wa mwaka 2015 walikusudia hivyo. Kodi ya mapato ghafi huvumilika inapotozwa mara moja, mwishoni mwa mnyororo mfupi. Mnyororo ukiongezwa pingili, inaanza kufanya kazi kama zile kodi za mauzo za zamani ambazo Kodi ya Ongezeko la Thamani ilibuniwa kuziondoa.

Mwenyeji huyu angeweza kukimbilia utaratibu wa kawaida, ambako 180,000 kwa asilimia 30 ingemgharimu 54,000. Hapo ndipo anapokutana na sharti jingine la Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS hairuhusiwi kutolewa katika mapato, isipokuwa kwa makundi machache kama vile mishahara na riba. Mashirika ya umeme na intaneti hutoa ankara hizo bila shida. Mwenye lori la maji aliyeitwa usiku baada ya mabomba kukauka hatoi. Fundi bomba hatoi. Na mwenye nyumba, ambaye huenda amezoea kupokea pango kwa M-Pesa na kutoa shukrani kwa ujumbe mfupi, mara nyingi naye hatoi.

Ikiwa pango la 720,000 halina ankara halali, sheria inalihesabu kama halikulipwa. Mapato yanayotozwa yanakuwa 900,000, na kodi yake kwa asilimia 30 ni 270,000. Faida halisi ilikuwa 180,000. Mwenyeji atalazimika kuchukua 90,000 kutoka kwenye mshahara wake ili alipie kodi ya biashara iliyompa faida. Akichelewa kulipa, adhabu ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, pamoja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi.

Kwa mtu huyu mlango wa tatu, ule wa asilimia 3, ndio pekee usiomuumiza: 36,000, sehemu moja ya tano ya faida, bila kumtegemea mwenye nyumba kwa ankara. Lakini ili auingie ni lazima kwanza akubalike kwamba anachopokea si pango. Suala la jina kwake limekuwa suala la kuendelea na kazi hiyo au kuiacha.

5.0 Jengo au huduma?

Maneno ya Kifungu cha 6A yanazungumzia mapato yatokanayo na matumizi au ukaaji katika mali ya makazi. Kwa usomaji wa haraka, nyumba ya ghorofani Kilimani ni mali ya makazi, mgeni anakaa ndani yake, na shauri limekwisha. Usomaji huo una nguvu yake. Kifungu hakitaji mkataba wa muda mrefu, hakitaji mpangaji, na hakiweki idadi ya siku. Mtu anayeutetea anaweza kusema kwamba Bunge lingetaka kuwatenga wageni wa siku chache lingesema hivyo, na kwamba ofisa wa kodi hawezi kukagua kila kitanda ili ajue nani amelalia shuka la nani.

Hata hivyo, sheria nyingine za Kenya zilishalijibu swali hili kwa namna tofauti. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 inasamehe upangishaji wa majengo ya makazi, lakini katika kufafanua majengo hayo inayatenga waziwazi malazi ya hoteli na malazi ya likizo. Kwa sheria hiyo, mwenyeji mwenye mauzo ya Shilingi milioni 5 au zaidi kwa mwaka anatakiwa kujisajili na kutoza asilimia 16 kama hoteli. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 nayo inazihesabu nyumba za likizo na za kukaribishia wageni miongoni mwa biashara za utalii zinazohitaji leseni. Nyumba ileile, basi, ni ya biashara mbele ya ofisa wa utalii, ni ya likizo mbele ya ofisa wa kodi ya ongezeko la thamani, na inaweza kuitwa ya makazi mbele ya ofisa wa kodi ya mapato, ambaye huenda yumo katika jengo lilelile na mwenzake. Ni haki kwa raia kutarajia kwamba serikali moja itamwita kwa jina moja.

Mapokeo ya sheria ya Uingereza, ambayo mahakama za Kenya huyarejelea, yana tofauti ya kale inayosaidia hapa. Katika shauri la Street dhidi ya Mountford la mwaka 1985, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilimtofautisha mpangaji na mlalaji kwa kuuliza nani ana milki kamili ya mahali. Mpangaji anaweza kumfungia mlango hata mwenye nyumba. Mlalaji hawezi, kwa sababu mwenye nyumba anahitaji kuingia na kutoka ili atoe huduma zake. Mgeni wa siku tatu yu upande wa pili wa mstari huo. Hapewi nyumba, bali anapokelewa ndani yake. Tofauti hiyo haimalizi ubishi, kwa kuwa maneno ya matumizi au ukaaji ni mapana kuliko milki kamili, lakini inaonesha kwamba neno makazi linabeba maana ya mtu kufanya mahali kuwa kwake. Mgeni aliyeacha sanduku lake halijafunguliwa hajafanya hivyo.

Hesabu ya mfano inatoa ushahidi wa namna nyingine. Nyumba ileile, kwa mwezi, ina thamani ya pango la Shilingi 60,000. Kwa usiku mmoja inalipiwa 6,000, maana yake usiku kumi unalingana na mwezi mzima. Kwa mwaka, kuta hizo zingeleta 720,000 kwa mpangaji wa kudumu. Kwa wageni zimeleta 1,200,000. Kuta hazikuongezeka. Zile 480,000 za ziada zimelipiwa mashuka yaliyofuliwa karibu mara sabini kwa mwaka ikiwa kila mgeni alikaa siku tatu, mtu aliyekuwa macho kumfungulia mgeni aliyechelewa ndege, na usiku 165 ambao nyumba ilikaa tupu ikimsubiri mtu. Kuziita fedha hizo pango la makazi ni kuyapa maneno kazi yasiyoiweza.

Nchi nyingine zimejaribu kutatua jambo hili kwa kuhesabu siku. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1976, mtu aliyeitoa nyumba anayoishi kwa muda usiofikia siku 15 katika mwaka hahesabu malipo hayo kuwa mapato, wala hatoi gharama zake. Kanuni hiyo imezoeleka kwa jina la mji wa Augusta, ambako wenye nyumba huwapokea watazamaji wa mashindano makubwa ya gofu kila mwaka. Kanuni nyingine ya huko, inayohusu utoaji wa hasara, haiihesabu kazi kuwa upangishaji ikiwa wastani wa ukaaji wa wageni hauzidi siku 7. Uingereza kwa miaka mingi ilikuwa na kundi maalumu la nyumba za likizo zenye samani: nyumba iwe tayari kutolewa kwa siku 210 na itolewe kweli kwa siku 105 katika mwaka, ndipo mwenyewe apate baadhi ya nafuu za mfanyabiashara. Kundi hilo lilifutwa Aprili 2025, na tangu hapo mapato hayo yanatozwa kama pango jingine lolote.

Siku zina uzuri wa kuhesabika, na udhaifu wake ni huohuo: kinachohesabika kinapangika. Mwenyeji atajua siku ya 14 ni lini. Kigezo cha huduma ni kigumu zaidi kukipima lakini ni kigumu zaidi kukidanganya, na kwa Kenya kina faida ya kuafikiana na sheria ya ongezeko la thamani na ile ya utalii. Anayetoa kuta na funguo awe mpangishaji. Anayebadilisha mashuka kati ya mgeni na mgeni awe mfanyabiashara. Sentensi moja katika Kifungu cha 6A, inayotenga malazi ya hoteli na ya likizo kwa maneno yaleyale ya sheria ya mwaka 2013, ingetosha.

Haijulikani wazi kama hazina ya serikali ingefurahia sentensi hiyo. Wenyeji wengi wadogo wangehamia asilimia 3 kutoka 7.5. Wale wakubwa, wenye zaidi ya milioni 5, wangeondolewa kisingizio cha kutojisajili kutoza asilimia 16. Kila upande una cha kupoteza jambo likinyooshwa, na huenda ndiyo sababu halijanyooshwa.

6.0 Mwenye nyumba aliye ng'ambo

Kifungu cha 6A ni cha wakazi wa Kenya tu. Asiye mkazi hutozwa kwa kuzuiliwa asilimia 30 ya pango ghafi la nyumba. Katika mfano wa mwanzo, mwenye nyumba angekuwa si mkazi angekatwa 360,000 katika faida ya 420,000, akabakiwa na 60,000.

Hili linawagusa Wakenya wanaofanya kazi Doha, Muscat au Minnesota waliojenga au kununua nyumba nyumbani kwa fedha za ughaibuni. Sheria humhesabu mtu kuwa mkazi akiwa na makao ya kudumu Kenya na akawa nchini kwa muda wowote, hata mfupi, katika mwaka husika. Asiye na makao ya kudumu hupimwa kwa siku: 183 katika mwaka, au wastani wa 122 kwa mwaka huo na miwili iliyotangulia. Mwenye nyumba ya Nyali anayekuja wiki mbili za Desemba na kulala humo ana hoja nzuri ya kuitwa mkazi. Lakini akiitoa nyumba hiyo kwa wageni mwaka mzima, hadi yeye mwenyewe akija anafikia kwa dada yake kwa kuwa Desemba ndiyo yenye wageni, je, bado ana makao ya kudumu? Tamaa ya kuijaza nyumba wageni inaweza kumtoa kwenye asilimia 7.5 na kumwingiza kwenye 30.

7.0 Zuio la majukwaa

Marekebisho ya sheria za kodi yaliyoanza kutumika mwishoni mwa Desemba 2024 yameongeza jambo jipya. Mmiliki au mwendeshaji wa soko la kidijitali anayelipa au kuwezesha malipo anatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo hayo ikiwa mpokeaji ni mkazi, na asilimia 20 ikiwa si mkazi, na kuziwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato. Lengo linaeleweka. Jukwaa linajua kila usiku uliouzwa, na ofisa wa kodi hajui.

Zuio hilo halimfikii mwenyeji anayelipwa kwa M-Pesa na wageni waliompata kwa WhatsApp, na bila shaka litawasukuma baadhi ya wenyeji kuelekea huko. Anayebaki jukwaani anakuta kwamba suala la jina limemfuata. Katika mapato ya 1,200,000 amezuiliwa 60,000. Akiwa mpangishaji chini ya Kifungu cha 6A, anadaiwa 90,000, kwa hiyo zinasalia 30,000 za kukamilisha. Akiwa mfanyabiashara wa malazi chini ya Kifungu cha 12C, kodi yake nzima ni 36,000: kilichozuiliwa kimeshaizidi kwa 24,000, na kurejeshewa fedha hizo ni dai jingine, lenye fomu zake na subira yake. Fomu hiyo, kabla ya kuuliza kiasi, itamuuliza mapato hayo ni ya aina gani.